Kuiamsha Gentoo ya Studio

Kwaya ilikuwa imesharekodi vyombo vyote Mwanza. Zilibaki sauti tu, na waimbaji wenyewe walikuwa Tabora. Mwalimu wao alikuja studio, Isevya, na diski ya nje ndani ya mfuko wa rambo, maana mvua ya Desemba ilikuwa haina saa. Tukaichomeka, nikafungua Ardour, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, na Ardour ikakataa. Kazi ile ilikuwa imehifadhiwa kwa Ardour 6, toleo lililotoka Mei 2020. Sisi tulikuwa na 5.12. Ardour mpya inasoma kazi za zamani, lakini ya zamani ikipewa kazi ya mpya haiendi nayo popote.

"Si uisasishe tu, kaka?" mwalimu akaniuliza.

Swali lake lilikuwa la haki. Kwenye kompyuta nyingi hiyo ni kazi ya kunywa chai. Ila kompyuta ya studio ilikuwa Gentoo, na mara ya mwisho kusasishwa ilikuwa mwanzoni mwa 2018. Hapo tulikuwa Desemba 2021, na kwaya ilitaka kuzindua albamu Krismasi.

Kwa asiyeifahamu: Gentoo ni aina ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ambayo kwa kawaida haikuletei programu zilizokwisha kupikwa. Inakuletea msimbo chanzo, na mashine yako yenyewe inaukompaili, yaani inaugeuza kuwa programu, kwa namna unayotaka wewe. Aliyeianzisha ni Daniel Robbins, toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2002, na jina ni la pengwini mwenye mbio kuliko wote majini. Kazi ya kuchagua, kupakua, kukompaili na kupanga kila kitu mahali pake inafanywa na meneja wa pakeji aitwaye Portage, ambaye wewe unamwamuru kwa neno `emerge`. Fundi aliyeijenga studio aliichagua Gentoo kwa sababu ya sauti: mashine ilikuwa ya zamani, RAM gigabaiti 4, na alitaka kerneli, yaani kiini cha mfumo, ambayo mwimbaji akiimba anajisikia papo hapo kwenye hedifoni bila sauti kuchelewa. Alifanikiwa. Kisha akahamia mji mwingine, na mashine ikaendelea kufanya kazi miaka yote hiyo bila mtu kuigusa.

Vijana wa mjini walimshauri mama mwenye studio afute kila kitu aweke mfumo mwingine. Mama akanigeukia: "Baba, wewe unasemaje?" Nikamwomba anipe nafasi kwanza niangalie ndani.

Nilichoangalia ni faili la `package.use`, pale ambapo mtu wa Gentoo anaandika kila pakeji iwe na nini na isiwe na nini. Kwenye mashine nyingi nilizoziona faili hilo ni kavu. La fundi huyu lilikuwa na maelezo kwa Kiswahili juu ya karibu kila mstari. Juu ya fluidsynth, programu ya kutoa sauti za ala, aliyoiwekea `jack`, njia ya kuunganisha sauti kati ya programu: "kinanda cha mama mchungaji, usiguse". Juu ya libsndfile, ya kusoma mafaili ya sauti kama flac, yenye `-minimal`: "bila hii flac hazifunguki". Chini zaidi, juu ya mstari aliouzima kwa alama ya reli: "nilijaribu, ilikwaruza kwenye besi, nimerudisha". Mtu alikaa hapa akasikiliza, akaamua, akaandika sababu. Ukifuta diski ile unafuta masikio ya fundi. Nikamwambia mama tutaitengeneza hivyo hivyo ilivyo. Akakubali, ila akaniwekea sharti: kazi zote za wateja zinakiliwe kwanza. Nilinakili mfumo mzima kwenye diski ya nje, siyo kazi za wateja peke yake.

Fundo lenyewe lilikuwa hili. Kila pakeji ya Gentoo ina faili la maelekezo, ebuild, na maelekezo hayo yanaandikwa kwa kanuni zenye namba, EAPI. Portage yetu ya mwanzo wa 2018 ilikuwa inaishia EAPI 6. EAPI 7 ilipitishwa 2018 hiyo hiyo, baada yake, na EAPI 8 ikapitishwa 2021. Kwa hiyo nilipoleta orodha mpya ya pakeji, Portage ikaitazama na kusema, pakeji baada ya pakeji, kwamba maelekezo haya siwezi kuyasoma, nisasishe mimi kwanza. Sawa, tukusasishe. Lakini Portage imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na mpya ilitaka Python mpya, na Python mpya maelekezo yake yalikuwa EAPI 7. Mlango umefungwa na ufunguo uko ndani.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kufuta diski, na mimi naona hawatendewi haki, kwa sababu njia ipo na ni nzuri. Gentoo hutoa mara kwa mara bunda dogo la mfumo wa kuanzia, stage3, ambalo wakati ule lilikuwa megabaiti mia mbili na ushee. Nililipakua kwa bando la usiku, nikalifungua ndani ya folda kwenye diski ile ile, nikaingia ndani yake kwa `chroot`, amri inayoifanya folda ionekane kama mfumo mzima. Sasa nilikuwa ndani ya Gentoo mpya kabisa, yenye Portage mpya, ndani ya tumbo la ile ya zamani. Kabla ya kuingia nilikuwa nimeufunga mfumo wa zamani kwenye `/mnt/host`, ili kutoka ndani niweze kuufikia. Kisha nikatumia `emerge` yenye `--root=/mnt/host --config-root=/mnt/host`, maana yake: soma machaguo ya mwenye nyumba, pika hapa, weka kule. Portage mpya ikawa inaitengeneza ya zamani kutoka nje.

Mpangilio una maana yake. Ukianza na Python, itakuwa imekompailiwa dhidi ya glibc mpya, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu huitegemea, na ikifika upande wa zamani haitaikuta hiyo glibc, haitawaka. Kwa hiyo glibc kwanza. Na kwenye glibc ya mwaka ule kulikuwa na shimo. Novemba 2021 Gentoo ilikuwa imeihamisha `libcrypt`, sehemu ya kusimba nywila, kutoka glibc kwenda pakeji nyingine iitwayo libxcrypt. Mtu akiweka glibc mpya peke yake, `libcrypt.so.1` inatoweka, na vinavyoitegemea vinakufa nayo, pamoja na ile sehemu inayokagua nywila unapoingia. Hilo sikuligundua kwa uzoefu. Lilikuwa limeandikwa kwenye habari ambazo Portage yenyewe huleta, unazisoma kwa `eselect news read`. Nilizisoma zote tangu 2018 kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, na muda huo ndio ulioniokoa kuliko amri yoyote niliyoandika. Nikaziamrisha glibc na libxcrypt pamoja, nikaacha terminali moja ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, wazi pembeni endapo mlango utajifunga. Haukujifunga. Baada ya hapo Python, baada ya Python Portage. Nikatoka kwenye `chroot`, nikaandika `emerge --version` kwenye mfumo wa zamani, na toleo jipya likajitokeza. Nilipiga meza kwa furaha hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Iliyofuata ilikuwa gcc, programu yenyewe inayokompaili nyingine, na gcc ni mzigo. Ikafika mahali fulani ikaanguka, na ujumbe wa mwisho ukasema tu kwamba `cc1plus` imeuawa. Ukikutana na hilo usianze kutafuta kosa kwenye msimbo. Ni kerneli imeishiwa RAM ikachagua wa kumtoa. Fundi alikuwa ameweka `-j4`, kazi nne kwa mpigo. Mwaka 2018 ilitosha, ila gcc za baadaye zinakula zaidi, na kipimo kinachotumika ni kama gigabaiti 2 kwa kila kazi. Nikashusha hadi `-j2`, nikaongeza faili la swap, nafasi ya diski ya kusaidia RAM, ikaendelea. Umeme ulipokatika katikati, `emerge --resume` ilirudi pale pale kwenye orodha, ingawa pakeji iliyokuwa jikoni ilianza upya. Mvua ikinyesha nilikuwa nasikiliza paa la bati na feni ya kompyuta, nikiomba feni isinyamaze kwanza.

Bando lilikuwa ghali, kwa hiyo sikupakulia pale. `emerge -pf` inakuandikia orodha ya anwani za mafaili yote yanayohitajika bila kupakua hata moja. Niliibeba orodha kwenye flashi hadi kwa rafiki mwenye intaneti ya ofisini, Kanyenye, nikarudi na mafaili, nikayaweka kwenye `/var/cache/distfiles` baada ya kuielekeza Portage huko. Portage inalinganisha alama za kila faili na zilizo kwenye kumbukumbu zake, kwa hiyo haijali faili limekuja kwa flashi au kwa waya, mradi ni lenyewe.

Kisha tukafika kwenye freetype na harfbuzz, maktaba mbili za kuchora herufi kwenye skrini. Freetype ilitaka harfbuzz iwepo kwanza. Harfbuzz ilitaka freetype iwepo kwanza. Portage ikachora duara hilo kwa mistari mingi yenye rangi, ikasimama.

Jirani wa studio, mzee aliyestaafu reli, alikuwa amekuja na embe kwenye ndoo. "Mwangaluka," akasalimu kwa Kinyamwezi, nami nikaitikia. Akasimama nyuma yangu akitazama skrini.

"Inasemaje?"

"Shikamoo mzee. Huyu anamsubiri yule, na yule anamsubiri huyu."

"Marahaba. Mbona hiyo naijua." Alikuwa stesheni masta miaka mingi kwenye reli ya kati, upande wa Kigoma. "Treni moja imetoka Usoke, nyingine Urambo, na reli ni moja. Hapo haumwambii yeyote apite. Unamwambia mmoja arudi kwenye njia ya pembeni, mwenzake apite, halafu na yeye anaendelea na safari yake. Hapotezi mzigo, anapoteza muda."

Nikamwonyesha mistari ya chini kabisa ya ujumbe ule ule, ambapo Portage ilikuwa imependekeza jambo hilo hilo: ijenge freetype kwanza bila harfbuzz. `USE="-harfbuzz" emerge --oneshot freetype`, kisha harfbuzz, kisha freetype tena, mara hii ikiwa kamili. Mzee alivuta kiti akakaa hadi ya tatu ilipoisha, akimenya embe, na kila pakeji ikikamilika anasema "pita". Natamani kila anayefundisha Linux nchini angemsikia. Ujumbe wa Portage unatisha kwa urefu, na macho ya mtu huishia kwenye nyekundu ya juu, wakati dawa mara nyingi imeandikwa mwishoni.

Duara lilipokatika, mengine yalikwenda kwa kasi. Nilihamia profaili ya 17.1, yaani mpangilio wa msingi wa Gentoo, ambayo ilikuwa imekuwa rasmi tangu 2019 na ilihitaji kuondoa kiungo cha zamani kati ya folda za `lib` na `lib64`. Kuna programu ndogo ya kazi hiyo, `unsymlink-lib`, inafanya yenyewe ukiifuata hatua kwa hatua. Kilichobaki kutusumbua kilikuwa pygtk, maktaba ya zamani ya kutengenezea madirisha ya programu za Python. Gentoo ilikwisha kuiondoa pamoja na vitu vingi vya Python 2, lakini kijiprogramu kimoja kwenye studio bado kilikuwa kinaishikilia, na kwa kuishikilia kilizuia nusu ya orodha. Juu yake fundi hakuwa ameandika neno. Nikakiondoa, orodha ikafunguka, na `emerge -uDN @world`, amri ya kusasisha mfumo mzima, ikaanza kutiririka bila nyekundu.

Ardour 6 ilimaliza kukompaili alfajiri. Mwalimu alikuja kabla ya kazi yake ya shule, tukafungua ile kazi ya Mwanza, ngoma na besi na kinanda vikajipanga kwenye skrini kila kimoja na njia yake. Aliomba tupige wimbo wa kwanza. Aliusikiliza wote amefumba macho, kisha akasema sauti ya pili waje Jumamosi na wasichelewe.

Waimbaji walikuja na waliimba, na siku hiyo nilijisikia kuwa sehemu ya kwaya ingawa sikufungua mdomo. Mama alinilipa haki yangu, akaongeza chupa ya asali ya Sikonge na uyoga wa mvua aliouchemsha kwa karanga.

Kazi ya mwisho ilikuwa `emerge --depclean`, amri ya kusafisha pakeji zisizohitajika. Portage ilinipa orodha ya pakeji ambazo kwa hesabu zake hakuna anayezihitaji, na kati yake mlikuwa na sampuli za ala ambazo zilikaa sana karibu na kile kinanda cha mama mchungaji. Sikutaka kuamua peke yangu. Nilimpigia fundi, tukaipitia orodha kwenye simu, mimi nasoma, yeye anasema toa au acha. Tulipofika kwenye zile sampuli akanyamaza kidogo, akauliza kama mama mchungaji bado anapiga. Nikamwambia bado, Jumapili zote. Akasema acha, ziandike kwenye `world`, orodha ya pakeji zinazotakiwa kubaki, zisije zikatajwa tena, na juu ya ule mstari wake wa fluidsynth uongeze na tarehe ya leo.