Miezi 11 ya "njoo wiki ijayo": faili langu la kibali cha bunduki

Wiki iliyopita nimeambiwa nikapige tena alama za vidole, na hii itakuwa mara ya 3. Eti za mwanzo zimepitwa na muda, zile za pili nazo ndo hivo zinaelekea kuisha. Sasa zimepitwa na muda wapi? Ndani ya faili, kwenye kabati la ofisi hiyohiyo iliyozichukua. Mimi nilizipeleka mpya kabisa, wino bado uko kwenye kucha, wao wakazilaza mpaka zikachakaa halafu mwenye upungufu kwenye faili nikawa mimi. Barua ya daktari hivohivo, ina miezi yake, ikifika mwisho inabidi urudi kwa daktari akuulize tena kama unalala vizuri, kama unakunywa, kama umewahi kufikiria kujidhuru, agonge mhuri, urudishe, ianze upya kuhesabu siku zake ikiwa imelala palepale.

Nimeomba kununua bunduki moja. Nyumbani tumevamiwa mara mbili na ile mara ya pili mama alikuwepo, sitaki kueleza zaidi ya hapo. Nilifuata njia iliyoandikwa kwenye sheria kila hatua, fomu, picha, wadhamini wawili, mafunzo, sefu ya chuma nikaifunga ukutani kwa bolti kabla hata sijaulizwa, maana walisema watakuja kuikagua. Walikuja. Mkaguzi akaivuta kwa mikono miwili akaona haitingishiki, akaandika, akaondoka, na tangu siku ile hiyo sefu iko tupu, miezi 11 sasa.

Risiti niliyopewa siku ya kwanza ni ya ile karatasi ya mashine inayofifia. Namba ya faili kwa sasa naisoma kwa kuilaza upande kwenye mwanga wa dirisha, ikabidi niinakili kwa kalamu nyuma yake kabla haijapotea kabisa.

Mara ya mwisho kwenda kaunta tuliongea hivi na kijana wa pale, na niseme kijana ana adabu zake, sina ugomvi naye:

"Kaka, faili lako lipo, liko mezani kwa mkubwa."

"Limekataliwa?"

"Hapana kaka."

"Limekubaliwa?"

"Bado."

"Kuna karatasi inakosekana?"

Akafungua, akapekua, akasema hakuna. "Sasa linasubiri nini?" Akanyamaza kidogo, akaniangalia, akasema mkubwa yuko semina, njoo wiki ijayo.

Hapo ndo nilipokaa chini nikaanza kusoma hizi habari za kuchelewa kwa vibali, nchi kwa nchi, kwa sababu nilitaka kujua kama kuna kitu wanakifanya mle ndani ambacho mimi sikioni. Na niseme mapema tusielewane vibaya, mimi sitaki silaha zigawiwe ovyo. Nichunguzwe. Nichunguzwe kuliko mtu yeyote, waulizeni majirani, muulizeni mke wangu nikiwa sipo, chukueni rekodi zote za polisi na mahakama na hospitali. Ninacholalamikia ni kwamba faili lililolala mezani hakuna mtu anayelichunguza. Ile kazi yenyewe ukiihesabu, kutafuta jina kwenye rekodi, kulinganisha vidole, kuwapigia wadhamini wawili, kukagua sefu, ni kazi ya siku chache. Miezi iliyobaki ni karatasi tu kukaa juu ya karatasi.

Angalia Marekani, maana wao haya mambo yao yako wazi unaweza kuyafuatilia. Kule ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni unajaza fomu, jina lako linapelekwa kwenye mfumo wa FBI unaoitwa NICS, ulianza kazi tarehe 30 Novemba 1998. Umetokana na sheria ya Brady ya 1993, iliyopewa jina la James Brady, yule msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi ya kichwa siku moja na Reagan mwaka 1981. Majibu ni matatu tu: endelea, umekataliwa, au subiri. Wengi wanajibiwa ndani ya dakika, muuzaji akiwa bado ameshika simu. Tabu iko kwa hawa wa "subiri". Na wanaambiwa subiri kwa nini? Mara nyingi jina linafanana na la mtu mwingine mwenye makosa, au rekodi inaonyesha mtu alikamatwa mwaka fulani lakini haionyeshi kesi iliishaje, aliachiwa, alifungwa, ilifutwa, haijulikani, kwa hiyo mchunguzi inabidi aitafute mahakama ya wilaya iliyoko mbali aombe karatasi, na mahakama nayo ina foleni yake. Kwa wale wanaosumbuliwa na majina kila wakinunua, FBI wana utaratibu wa kuomba namba maalum ya kuonyesha kwamba huyu si yule. Mtu na jina lake la kuzaliwa inabidi aombe namba ya kuthibitisha yeye ni yeye. Lakini angalau namba ipo.

Sasa sheria yao inasema zikipita siku 3 za kazi bila jibu muuzaji anaruhusiwa kuuza. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nikasema kumbe kuna nchi inamjali mwombaji. Halafu nikasoma ya Charleston, mji ulioko jimbo la South Carolina.

Aprili 2015 kijana mmoja wa miaka 21 alienda kununua bastola South Carolina. Jibu likaja subiri. Alikuwa amekamatwa na dawa za kulevya wiki chache nyuma na alikuwa amekiri kuwa nazo, na hilo peke yake lilitosha kumnyima. Mchunguzi aliitafuta ile ripoti, lakini rekodi ilikuwa imeandikwa ofisi isiyo yenyewe, akauliza huku akaambiwa siyo sisi, ile ya polisi wa mji wa Columbia wenyewe hakuifikia. Siku 3 zikapita. Akauziwa. Tarehe 17 Juni akaingia kanisa la Emanuel AME hapo Charleston, wakamkaribisha akakaa nao kwenye darasa la biblia, akaua watu 9. Mkuu wa FBI wa wakati ule, James Comey, alikuja kutamka hadharani kwamba yule hakutakiwa kuipata ile silaha.

Na mwezi huohuo, Juni 2015, wiki mbili kabla ya kanisa, kuna mwanamke wa jimbo la New Jersey, hukohuko Marekani. Huyu ndo sitamsahau. Alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mwanaume waliyeachana asimsogelee. Aliweka kamera nyumbani. Akaomba kibali cha kununua bunduki mwezi wa 4. Sheria ya New Jersey ilisema polisi wajibu ndani ya siku 30. Siku 30 zikapita kimya. Tarehe 3 Juni yule mwanaume akamvizia nje ya nyumba yake akamuua kwa kisu. Kibali kilikuwa bado ofisini.

Nimekaa na hizi habari mbili siku nyingi kichwani. Sijui kama bunduki ingemuokoa, hakuna anayeweza kusema hilo, kisu kinakuja haraka. Lakini alistahili jibu. Kama ni hapana angeambiwa hapana akajua moja, akahama, akaenda kulala kwa ndugu. Na ona mwezi ni uleule, tatizo ni lilelile la karatasi kutofika inapotakiwa kwa wakati, huku asiyestahili akapenya kwa sababu ya uzembe, kule aliyehitaji akafa akisubiri. Kwa hiyo mtu akiniambia "afadhali wachelewe, ni kwa usalama wetu wote" huwa namuuliza, usalama wa nani? Ni nani hasa aliyelindwa Juni 2015?

Watu wanasema sasa dawa ni kutoweka muda wa mwisho kabisa, wachunguze mpaka waridhike. Nawaelewa, nikifikiria lile kanisa nawaelewa sana. Lakini ofisi isiyo na tarehe ya mwisho mimi naijua, niko nayo mwezi wa 11. Bora walivyofanya Wamarekani wenyewe mwaka 2022, sheria mpya ikasema kwa mnunuzi wa chini ya miaka 21, kama kuna kitu kimeonekana cha kufuatilia, muda unaongezwa mpaka siku 10 za kazi. Hiyo sawa. Wameongeza muda penye sababu, na siku zinahesabika.

Maana kuna kusubiri na kusubiri. California kila mnunuzi anasubiri siku 10, Kanada mwombaji wa mara ya kwanza anasubiri angalau siku 28, hata uwe msafi kiasi gani. Mimi naunga mkono kabisa. Mtu mwenye hasira ya jana, au aliyekata tamaa ya maisha, siku hizo zinampa nafasi ya kupoa, na ndugu zake nafasi ya kugundua. Hiyo imepangwa, unaambiwa siku ya kwanza, unaweka alama kwenye kalenda unarudi. Ya kwangu mimi hakuna aliyeipanga. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba huyu asubiri miezi 11 kwa sababu hii na hii.

Uingereza nako polisi ndo wanatoa vyeti, na kwa England na Wales kuna vikosi 43, kila kimoja na ofisi yake ya leseni za silaha, na kasi yake. Mtu wa huku anajibiwa mapema, jirani yake upande wa pili wa mpaka wa kata anakaa mwaka. Cheti kinadumu miaka 5 kwa hiyo wale wa zamani nao wanarudi kila baada ya miaka 5 kwenye foleni ileile na wapya, wakichelewa inabidi watolewe kibali cha muda wasije wakawa wahalifu kwa kosa la ofisi. Na pamoja na ukali wote huo, Agosti 2021 Plymouth mtu akaua watu 5. Bunduki yake na cheti polisi walishavichukua baada ya yeye kupiga watoto kwenye bustani, halafu mwezi Julai mwaka huohuo wakamrudishia. Walikaa nayo miezi. Muda walikuwa nao, walichokosa ni mtu aliyefundishwa vizuri kukaa na lile faili na kujiuliza huyu kweli arudishiwe? Jopo la wananchi waliokaa mahakamani kuchunguza vifo vile mwaka 2023 lilitaja wazi makosa makubwa ya kikosi kile na ukosefu wa mafunzo.

Huwa wanasema hatuna watu, maombi ni mengi. Kweli, nakubali, Machi 2020 korona ilipoingia NICS peke yake walipokea maombi ya uchunguzi zaidi ya milioni 3.7 kwa mwezi mmoja, hakuna ofisi isiyotikisika. Lakini na mimi nimeona mfano wa upande wa pili. Kule Marekani vile vizuia sauti vya bunduki vinaombewa kibali ATF, idara ya serikali yao inayosimamia silaha, kuna alama za vidole, kuna picha, na watu walizoea kusubiri miezi 8, 9, wengine mwaka. Mwisho wa 2021 wakahamishia maombi kwenye mfumo wa mtandaoni, ukasumbua sana mwanzo, lakini kufika 2024 watu wakaanza kupata majibu ndani ya wiki, wengine siku. Vidole ni vilevile, ukaguzi wa FBI ni uleule. Kilichoondoka ni ule muda wa karatasi kulala.

Ninachotaka mimi ni kidogo. Siku niliyopeleka faili niambiwe jibu lako ni tarehe fulani. Tarehe ikifika nipewe ndiyo, au hapana pamoja na sababu kwa maandishi ili kama nina pa kukata rufaa nikate, au niambiwe tunahitaji siku kadhaa zaidi kwa sababu ya kitu hiki. Na vidole vyangu visihesabiwe kuzeeka vikiwa mikononi mwao. Hapana naiweza jamani. Nikiambiwa hapana nitajua nifunge mageti mengine, nimpeleke mama kwa dada yake, nitafute mlinzi. Kimya ndo sijui nikifanyie nini, kwa sababu kila mwezi najiambia labda wiki ijayo, na kila usiku mbwa akibweka naamka nakaa kitandani nasikiliza.

Mama aliniuliza juzi, "Mwanangu, kwani umewakosea nini?" Nikamwambia sijawakosea kitu mama. Akasema basi nenda ukawasalimie tena kwa upole.

Jumatatu naenda kupiga vidole. Barua ya daktari niliyonayo inaisha tarehe 19, nimeandika hiyo tarehe kubwa kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha, na nitamwomba yule kijana wa kaunta aipeleke ndani nikiwa nimesimama pale namwona.