Shavu limepata pa kulala
Jumamosi nzima nimeshinda na bunduki yangu ya kuwindia kulungu hapa Pennsylvania. Kitako chake ni cha zamani, cha chini, cha kulengea kwa ile nundu ya shabaha iliyo mtutuni. Nilipofunga darubini ya lenzi ya milimita 50, iliyokaa juu, nikawa naegemeza kidevu badala ya shavu, na kivuli cheusi kinacheza pembeni mwa lenzi.

Nikanunua pedi ya plastiki ya kuinulia shavu, ya kufunga kwenye kitako kwa skrubu. Drili mkononi, nikavuta kwanza bolti ya bunduki (ile komeo ya kuingizia risasi): ikagonga pedi! Ikarudi dukani. Nikachukua mfuko wa kitambaa wenye vipande vya sponji. Nafumba macho, naweka begani (haina risasi, jamani), nafumbua. Kipande kimoja, bado. Viwili, duara lote la darubini jeupe.

Mke wangu anauliza kama nitalala nayo.