Siku moja na nyoka wanaoshikwa

Saa 12:30 asubuhi. Julai ya Nairobi haina huruma. Nimeshuka matatu kofia ya marvin imefika masikioni, na kitu cha kwanza ninachoangalia kazini si nyoka, ni vipimajoto. Umeme ulipotea usiku, tena.

Ninatunza nyoka wa maonyesho katika kituo kidogo chenye kibali, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni jinsi ninavyowafanya wawe wapole. Watu hutarajia nitaje dawa. Mimi huanza na joto. Nyoka hutegemea joto la nje, na upande wenye joto wa sanduku la chatu unatakiwa uwe nyuzi 30 hivi au zaidi kidogo. Akipoa, anatulia. Unaweza kumbeba, ukampiga picha, ukawaambia watu amezoea. Hajazoea chochote, amepigwa na baridi, na akishaota joto utakutana naye upya. Kwa hiyo asubuhi hii hakuna anayeshikwa kabla masanduku hayajapata joto lake.

Saa 2:00. Zamu ya daftari. Kila nyoka ana ukurasa: alikula lini, alijivua gamba lini, alishikwa lini, alifanya nini. Chatu wetu mkubwa, Shosho, alimeza sungura jana, kwa hiyo leo haguswi wala kesho. Siku mbili baada ya mlo ndicho kiwango cha chini, na kwa mlo mkubwa kama ule tunasubiri zaidi, maana akisumbuliwa anaweza kutapika, na kutapika humdhoofisha sana. Boa mmoja wa mchangani macho yameingia ukungu, anakaribia kujivua gamba. Wakati huu haoni vizuri, kila kivuli kinamshtua. Naye anaachwa.

Ndiyo maana nacheka mtu akiniambia nyoka apakatwe kila siku ndipo azoee. Sehemu kubwa ya kumzoeza nyoka ni kujua siku za kumwacha.

Saa 3:15. Makanga. Huyu ni nyoka wa nyumbani, wale wa kahawia wasio na sumu wanaoingia kwenye nyumba zetu kuwinda panya na kuuawa bure. Bado mdogo, na jina lake, kama la makanga wa matatu, amelipata kwa sababu ya kelele zake.

Ninanawa mikono kwanza. Mkono unaonukia panya, kwake ni panya; akiuuma, hasira haihusiki. Nafungua mlango wa pembeni. Mkono ukitoka juu unafanana na kipanga anayeshuka, hata nyoka mtulivu hushtuka. Nagusa ubavu wake taratibu kwa fimbo ya ndoano. Mguso huu una maana yake: hakuna chakula leo, ni mimi tu. Shingo inajikunja, anaipiga ndoano kwa pua, mara moja. Nasubiri. Ulimi unatoka, unarudi, unatoka tena polepole. Hapo ndipo ninapopitisha vidole chini ya tumbo, katikati ya mwili, namwinua bila kumbana. Anapita mkono huu, nampokea kwa huu, mwili wote una pa kuegemea. Mkia unajifunga kwenye kidole gumba. Mwanzoni misuli ni migumu kama ya mtu anayengoja sindano, kisha inalegea kidogo kidogo.

Dakika 10 zinatosha. Namrudisha akiwa ametulia. Wafugaji wengi hushikilia hilo: ukimrudisha kila anapouma, unamfunza kwamba kuuma kunafukuza watu.

Saa 5:00. Wageni wa Gredi ya 5 wamefika na mwalimu wao, ambaye amesimama mlangoni.

"Mwalimu, karibu ndani."

"Asante, hapa naona vizuri tu."

Leo nimewatolea boa wa mchangani mwingine, mnene, mfupi, mwenyeji wa maeneo makame ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Sheria zetu ni fupi: vidole viwili, mgongoni, si kichwani, na kila mtu ananawa kabla na baada, kwa kuwa nyoka hata akiwa mzima anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Msichana mmoja anauliza, "Anko, anakupenda?" Namjibu kwamba kadiri ninavyomwelewa, hanipendi wala hanichukii. Amejua tu kwamba nikija hakuna baya linalofuata.

Kutoka mlangoni mwalimu anatupa methali: mwana wa nyoka ni nyoka. Watoto wanacheka. Nawaambia mwana wa nyoka mara nyingi ni mkali kuliko mama yake, maana akiwa mdogo vile ndege, paka na hata kuku wanamtaka. Akikua, vitisho vinapungua, na woga pia. Kuzoezwa kunasaidia, umri nao unafanya kazi yake.

Saa 7:00. Githeri, chai. Basi.

Saa 8:30. Kijana anataka kufuga chatu kwenye apatimenti yake Kilimani, ameona video za Marekani. Namwambia aanze na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kuokota nyoka ukamweka nyumbani bila kibali. Halafu anauliza kama kifutu naye anaweza kuzoezwa, "maana anaonekana mpole."

Hapo namkalisha chini. Kifutu hatulii kwa upole. Anategemea rangi yake isionekane, anabaki palepale hadi mguu unamkanyaga. Hapa kifutu na swila hawashikwi kwa mkono, hata wakae nasi miaka mingapi. Nyoka aliyezoea bado anaweza kushtuka, na kwa hao mshtuko mmoja ni sumu mwilini.

Saa 10:00. Kulisha. Panya walioyeyushwa barafu na kupashwa moto, koleo ndefu, mlango ule ule lakini bila mguso wa ndoano. Tofauti hiyo ndogo inaokoa vidole.

Saa 11:30. Daftari tena. Kwa Makanga naandika: dakika 10, alipiga ndoano mara moja, hakuuma, apumzike hadi Ijumaa. Mzee tunayefanya naye kazi anasoma juu ya bega langu. Anaona mwezi ujao awe tayari kwa watoto. Mimi nasema bado, anayepiga ndoano leo atapiga kidole cha mtoto kesho. Mzee anaguna, anachukua kalamu, anaandika pembeni "tuone Agosti", kisha anaenda kutafuta funguo.