Ulaya Nako Maji Hukupwa?

Jumamosi iliyopita ilikuwa bamvua. Maji yalitoka mpaka karibu na mwamba, na sisi tukashuka pwani ya kwetu Jambiani, Unguja, mapema: mimi, mama, na mtoto wa kaka yangu ambaye ana miaka saba na siku hizi haulizi swali moja bila kulifuatisha la pili. Mama alikuwa mbele kwenye shamba lake la mwani, ameinama, anakaza kamba zilizolegea. Mimi na mtoto tulibaki nyuma tukichokoa kombe. Ghafla akanyanyuka, mikono imejaa mchanga.

"Shangazi, Ulaya nako maji hukupwa?"

Nikamwambia hukupwa.

"Na watu wake hushuka pwani?"

"Hushuka. Wengine hupanda gari la farasi, farasi wanatembea humo humo baharini."

Basi ikawa farasi, farasi, asubuhi nzima. Wana viatu? Hawaogopi pweza? Nilimjibu nilivyoweza, lakini moyo wangu ulikuwa umeshakwenda kwingine, kwenye kijishamba cha makaburi kilichozungukwa na miti, kwenye kisiwa ambacho sijawahi kukitaja mbele ya mama.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa masomo Hamburg, Ujerumani. Habari za chumba nilichokaa mtaa wa Wilhelmsburg na baridi yake nilishaziandika, sizirudii. Kiangazi kilipofika, wanafunzi wageni tulitangaziwa safari ya kutembea kwa miguu mpaka kisiwa cha Neuwerk, na mimi nikajiandikisha kwa sababu moja tu: kwenye tangazo palikuwa na picha ya bahari iliyokupwa. Mwaka na nusu nilikuwa nimeona maji ya mto Elbe, maziwa, mvua na theluji. Pwani iliyokupwa sikuwa nimeiona, wala sikujua kama ipo.

Treni ya Hamburg hadi Cuxhaven, mji wa pwani, huchukua chini ya saa mbili. Kutoka hapo tukapanda basi mpaka Sahlenburg, tukavuka ukingo wa nyasi, na mara harufu ikanipiga. Ile harufu ya matope ya chumvi, ya mikokoni, ambayo mgeni huiita uvundo na aliyezaliwa nayo hana jina la kuipa. Nilisimama. Wenzangu walikuwa wanafunga kamba za viatu na kupakana mafuta ya jua, nami nimesimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika soko la ugenini.

Kiongozi wetu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na uma mrefu wa kuchimbia, kama wa shambani. Alitukusanya, akatuuliza nani kati yetu amewahi kutembea chini ya bahari. Watu walitazamana kwa furaha, hakuna aliyeinua mkono. Mimi pia sikuinua. Nimetembea chini ya bahari tangu nilipojua kutembea. Bibi mzaa mama alinifunga mgongoni akishuka nami, na nilipoanza kusimama akanipa mchokoo wangu mdogo. Lakini ningeanzia wapi kuyasema yale kwa Kijerumani changu cha wakati ule, mbele ya watu ishirini waliotoka kila pembe ya dunia?

Ni mwendo wa kilomita kama 10, saa tatu kwa miguu, na lazima uanze kabla maji hayajamaliza kukupwa ili ufike kabla hayajarudi. Njia imewekewa alama kwa matawi yaliyochomekwa mchangani, safu moja ndefu inayopotea machoni, na mimi nikaiona kama uzio wa kutegea samaki uliosahau kupinda. Mchanga una mikunjo ile ile ya kwetu. Kila hatua kuna vilima vidogo vya mchanga uliosokotwa kama tambi. Mzee akachimba kwa uma wake akatuonyesha mnyoo anayevitengeneza, anayekula mchanga upande huu na kuutoa upande ule. Akatueleza kwamba pwani ile inaanzia Uholanzi, inapita Ujerumani, mpaka Denmark, na kwamba UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2009, upande wa Denmark ukaongezwa 2014. Alisema kwa fahari, na ilikuwa haki yake. Nami niliona uchungu kidogo, sikufichi msomaji. Kwetu kushuka pwani ni kazi ya wanawake, migongo imepinda na miguu imechanika, na sijawahi kusikia mtu akiizungumza kwa heshima ile.

Kati ya njia tulivuka mkondo uliobaki na maji, baridi yake ikapanda mpaka magotini na kukaa huko. Magari ya farasi yalitupita, magurudumu yake marefu kuliko mimi. Kaskazini, meli za makontena zilikuwa zinaingia Elbe kwenda Hamburg, na kwa kuwa maji yenyewe hatukuyaona zilionekana kama majumba yanayotembea juu ya mchanga. Na njiani kuna vizimba vilivyoinuliwa juu ya nguzo, vyenye ngazi. Nikauliza ni vya nini. Mzee akasema ni vya mtu aliyezidiwa na maji: apande, akae, asubiri mpaka yakupwe tena au aje kuchukuliwa.

Nilikitazama kizimba kile kwa muda. Nilimfikiria mjomba.

Kisiwani tulifika adhuhuri. Neuwerk ni kisiwa kidogo, unaweza kukizunguka bila kuchoka, na ingawa kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, kiserikali ni sehemu ya Hamburg. Kuna mnara wa matofali, mnene, ulioanzwa mwaka 1300 ukamalizika 1310, kwa hiyo jengo linalotajwa kuwa kongwe kuliko yote ya Hamburg haliko Hamburg yenyewe, liko huku baharini. Tangu 1814 uliwasha taa ya kuongoza meli, mpaka ulipozimwa 2014. Wenzangu walipanda juu yake. Mimi nilitaka kuosha miguu, nikazunguka nyuma nikitafuta bomba, nikafuata njia ya miti, na hapo ndipo nilipoyaona.

Makaburi machache tu. Misalaba ya mbao, mifupi, na juu ya misalaba hakuna majina. Nilidhani labda yamefutika kwa upepo na chumvi. Nikasogea. Hayakuwahi kuandikwa.

Sijui nilikaa muda gani kabla mzee hajaja. Nadhani alikuwa anatuhesabu, akakuta mmoja amepungua. Hakunikemea. Alisimama kando yangu akavua kofia, akasema hapa wanalala walioletwa na bahari. Mahali hapa pamewekwa wakfu kwa ajili yao tangu mwaka 1319. Meli zilikuwa zinavunjika sana mdomoni mwa Elbe, maji yakikupwa watu wa kisiwani wanakuta maiti mchangani, na hawajui ni wa nchi gani.

"Na dini zao?" nikamwuliza. "Mlijuaje dini zao?"

Alifikiri. "Hatukujua," akasema. Kisha akaongeza, polepole, ili nimwelewe: "Walikuwa wamelowa. Tuliwazika."

Alisema *tuli*, kana kwamba na yeye alikuwepo miaka mia saba iliyopita, ameshika koleo. Akavaa kofia yake akaniambia meli inaondoka baada ya saa mbili, akaniacha.

Sasa niseme la mjomba, kwa sababu wengine mmeanza kunisoma karibuni. Ndugu yake mama, mtoto wa mwisho wa bibi. Alitoka na ngalawa miezi ya kusi, mimi nikiwa darasa la tano, na hakurudi. Ngalawa iliokotwa Michamvi, imepinduka, tengo moja limevunjika. Wanaume walitafuta siku nyingi. Mkondo wa bahari yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, kusi iwe au kaskazi, na bibi alilijua hilo bila kusomeshwa. Alikuwa akisema kinachoanguka huku kwetu kitaokotwa Pemba, kisipookotwa Pemba kitaokotwa Lamu. Alituma salamu Pemba kwa kila mtu aliyesafiri. Ikasaliwa sala ya maiti asiyekuwepo, ikasomwa hitima, mkewe akakaa eda. Shehe akamfariji bibi kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Alilipokea hilo, alikuwa mtu wa imani. Lakini kila bamvua aliposhuka pwani alianza kwa kutazama upande wa kaskazini, kwa muda mfupi tu, kiganja juu ya macho, kabla ya kuinama kwenye kombe zake. Sisi wajukuu tulijua tusimsemeshe mpaka ashushe mkono.

Hayo ndiyo niliyosimama nayo pale. Upepo ulikuwa unapita juu ya miti lakini chini kulikuwa kimya, na matope yalikuwa yanakauka miguuni mwangu, yanakaza ngozi. Nilinusa viganja vyangu: Jambiani kabisa. Nikaanza kuhesabu. Kama kuna watu kisiwani huku ambao kwa mamia ya miaka wamezika waliowaokota bila kuwauliza kitu, basi na kule Pemba, au Lamu, au kijiji fulani ambacho hata jina lake sijalisikia, huenda asubuhi moja ya kusi maji yalikupwa na mtu akashuka pwani akamkuta. Huenda waliita wanaume. Huenda alioshwa, akapata sanda, akasaliwa na watu waliosimama safu wasiojua jina la kumtaja. Huenda ana kaburi, na sisi miaka yote tumekuwa tukimhesabu ni wa maji.

Nilitafuta kibla kwa jua, kusini mashariki kwa kukisia. Nikainua mikono nikasoma Fatiha. Niliinuia ya mjomba. Lakini nilipofika katikati niliona vigumu kuizuia isiwafikie na wale waliokuwa mbele yangu, na sikuizuia. Kama hilo linafaa au halifai, sijawahi kumwuliza shehe. Mara mbili nimekusudia kuuliza, mara mbili nimerudi nyumbani na swali langu.

Nililia pia, kwa sauti, kama tunavyolia kwetu. Tangu nifike Ujerumani sikuwa nimelia hivyo.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Tulipopanda ukingoni kungoja meli, maji yalikuwa yamejaa. Pale tulipopita kwa miguu asubuhi palikuwa bahari tupu, yenye mawimbi, na kizimba kile kimebaki kichwa juu. Msichana mmoja wa Kolombia aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni upepo. Saa za usiku nikapiga simu nyumbani.

Mama alipokea, akaweka sauti wazi ili wote wasikie. Nikawaeleza matope, minyoo, farasi. Watu wakashangaa farasi. Bibi alikuwa bado hai, nilimsikia akisogea karibu na simu, akaniuliza neno moja tu: "Maji yao yana chumvi?"

"Yana chumvi, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, na sikuelewa anashukuru nini, na mpaka leo nafikiri.

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa amekaa pale, sikio kwenye simu. Ningemwambia, bibi, kuna watu huku huzika wanaoletwa na maji, basi huenda hata kule kaskazini. Lakini nilihofia kwamba nitamfungulia kidonda kwa jambo nisilo na hakika nalo. Nikajiambia nitamwambia nikirudi, ana kwa ana, tukiwa pwani, ashike mkono wangu. Alifariki mwaka uliofuata, miezi minne kabla sijarudi. Sijui kama ningempa faraja au ningempa jambo jipya la kungojea. Nimeligeuza sana. Siku nyingine naona nilimhifadhi, siku nyingine naona nilimnyima.

Na mama je? Jumamosi, maji yalipogeuka, ndiye aliyetutangulia kuona. Alinyoosha mgongo, akatazama kaskazini, kiganja juu ya macho. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo alipokuwa hai bibi. Nikamshika mtoto bega asimsemeshe, lakini aliniponyoka, akamkimbilia ndani ya maji ya vifundoni.

"Bibi! Ulaya farasi wanatembea baharini!"

Mama akashusha mkono. "Shangazi yako alitwambia zamani." Akanigeukia. "Mlikwenda kisiwani, sivyo? Huko kisiwani kuna nini?"

Alikuwa anafunga mdomo wa gunia, hanitazami. Nikamwambia kuna mnara, wa mwaka 1310.

"Mnara tu?"

"Na miti."

Akaitikia kwa kichwa, akajitwika gunia lake la mwani linalochuruzika, akatangulia. Tukamfuata, mtoto katikati, maji yakitugusa visigino.