Nzi wa embe au wa tikiti? Jinsi nilivyowatenganisha kwa picha

Picha za nzi wa matunda kutoka mitegoni zilikuwa zikitoa majibu mawili: mara Bactrocera dorsalis, adui wa maembe, mara Zeugodacus cucurbitae wa matikiti na matango. Wote wana mistari ya njano ubavuni mwa kifua, na alama ya T tumboni yaweza kuonekana kwa wote wawili. Kukuza picha hakukusaidia. Flashi iliharibu zaidi, maana mng'ao hufuta njano. Rangi ya mwili nayo haiaminiki: dorsalis huanzia kahawia nyekundu hadi nyeusi.

Kilichofaa ni kuwagandisha nzi kwenye friza hadi wafe, kuwalaza kifudifudi kwenye karatasi nyeupe, kusubiri umande ukauke, kisha kupiga picha wima kutoka juu, kivulini, lenzi ya kukuza mara 10 ikiwa mbele ya kamera ya simu.

Hapo tazama katikati ya mgongo, nusu ya nyuma ya kifua. Mstari wa tatu wa njano ukiwepo, ni cucurbitae. Picha ya ubavuni huuficha kabisa. Hakikisha kwa bawa: la cucurbitae lina doa pana nchani, la dorsalis lina ukingo mwembamba tu.

Nzi waliofugwa kutoka kwenye tunda wape maji na sukari siku 4 hivi kabla ya kuwagandisha. Aliyetoka leo kwenye pupa (ganda ambamo buu hugeuka kuwa nzi) bado amepauka, na mstari huo hauonekani vizuri.

Chambo hutegemea jibu hili: methili eujenoli, kemikali yenye harufu inayowekwa mtegoni, huvuta madume wa dorsalis, si wa cucurbitae.