Huchimbwa nyumbani, herufi sita

Baba mdogo hapa Kondele, Kisumu, akinunua gazeti anaanzia kwa krosiwadi, lile fumbo la maneno yanayopishana kwa miraba, habari zingine zitasubiri. Mwaka huu nimeanza kumchorea za Kiswahili kwa daftari la hesabu, lile la miraba, na nimeona hii ni kazi ya kuheshimiwa.

Aliyeanzisha ni Arthur Wynne, mtu wa Liverpool aliyehamia Marekani, ya kwanza ikatoka tarehe 21 Desemba 1913 kwa gazeti la New York World. Ilikuwa na umbo la almasi, na akaiita Word-Cross, halafu wiki chache baadaye wapiga chapa wakageuza jina kimakosa likawa Cross-Word, na likashika hivyo.

Lakini Wynne alikuwa anatungia Kiingereza, ambapo konsonanti zinarundikana tu. Sisi ni konsonanti irabu, konsonanti irabu. Sasa kwa ule mtindo wa Uingereza neno linapishana na mengine mraba mmoja ndio, mwingine hapana, kwa hivyo nikiweka KISUMU mapishano yanaangukia K, S, M ama I, U, U, hakuna kuchanganya. Mtu akishapata K, S na M bado ako na kisima, kusema, kusoma na Kisumu, zote zinaingia! Ndio maana nayapenda maneno kama NYUMBA, hayo yanavunja mpangilio, unapata N, U, B.

Basi mzigo unabebwa na dokezo, na hapo ngeli inakuuza. Jumapili nilitaka kisima, nikaandika "kinachimbwa nyumbani", hata hakumaliza kusoma, akajaza KI kwa biro. Ile ki- ilishatoa siri. Nikachora upya nikaweka "huchimbwa nyumbani", juu hu- haina ngeli, na sasa kaburi na kisima zote zina herufi sita na zote zinaanza na K. Akajaza kaburi. Akaenda kwa neno la kushuka, samaki, ikakataa, akarudi, akaniangalia, chai ikapoa. "Kijana, hii umenifunga." Nilifurahi siku nzima.

Bado tunabishana juu ya ng'ombe. Mimi nampa miraba sita, ritifaa, ile alama ya juu baada ya ng, naiacha nje, yeye anasema ng' ni sauti moja ikae mraba mmoja, na kusema ukweli ana hoja.

Ya wiki hii nimeianza na NYUMBA mstari wa kati, kesho asubuhi nampelekea kabla hajatoka kutafuta gazeti.