Fimbo ya Babu

Tumerudi Kisumu jana usiku na watoto bado wamelala. Naandika kabla mambo hayajanitoka.

Mpango wangu ulikuwa Hyrax Hill asubuhi, mbuga ya Ziwa Nakuru mchana, halafu kreta ya Menengai jioni. Tuliishia Hyrax Hill, na sijuti hata kidogo.

Kilima chenyewe hakiko mbali na mji wa Nakuru, na jina lake limetokana na pimbi waliokuwa wakiishi miambani. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua kuwa mahali pa kale mwaka wa 1926, kisha mkewe Mary Leakey, naye mwanaakiolojia, akaja kuchimba kuanzia 1937. Makumbusho ni nyumba ya zamani ya shamba, ndogo, ukiingia hukawii kutoka. Kwa kawaida mimi ndiye huwasimamisha watoto mbele ya kila maandishi na kuwaambia wasome. Safari hii baba yangu alikuwa nasi, na yeye maandishi hayamkalishi. Alipotoka nje, watoto wakamfuata, nami nikawafuata.

Kwenye mteremko kuna mabonyeo ya duara yaliyoota nyasi. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka 7, aliyatazama akasema, "Mama, hapa hakuna kitu." Babu yake hakumjibu. Alishuka hadi katikati ya bonyeo moja, akazunguka ukingo wake polepole akigonga chini kwa fimbo, akasimama kwenye pengo la upande wa chini.

"Wajukuu wangu, njooni muone. Hapa palilala ng'ombe. Mlango wameuweka huku chini ili mkojo na matope yatoke. Na lile tuta pale nje ni samadi, walikuwa wakiizoa na kuitupa."

Mwelekezi wetu alifurahi sana. Akatueleza kwamba Mary Leakey mwenyewe alidhani mabonyeo haya yalikuwa nyumba za watu, na ni uchimbaji wa baadaye wa mwanaakiolojia John Sutton ulioonyesha kuwa ni mazizi ya Wasirikwa, wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa. Watu walilala katika vibanda vilivyoshikana na zizi, mlango ukifungukia kwa ng'ombe. Baba yangu amechunga tangu utotoni. Zizi analijua hata likiwa limebaki nyasi tupu. Mtoto aliyesema hakuna kitu alijilaza pale katikati, akakataa kuondoka mpaka amwone kila ng'ombe akiingia. Babu akawataja mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Nilikuwa nikiangalia saa, baadaye nikaiacha.

Juu zaidi kuna vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba wenyewe. "Ajua!" Babu akasema, akilitaja bao kwa Kijaluo, na kifungua mimba wangu akaenda kuokota vijiwe. Mwelekezi aliwaruhusu wacheze. Nilitia kidole changu katika kishimo kimoja nikawaza juu ya mtu aliyekuwa na muda wa kuchonga jiwe gumu hivi ili tu acheze na mwenzake.

Kilichomshika zaidi binti yangu ni makaburi. Ni ya zamani kuliko mazizi, ya enzi za zana za mawe. Wanawake walizikwa na vyombo vyao vya mawe, vya kusagia. Wanaume hawakuwekewa kitu. Ana miaka 12. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mama, waliwapa kwa sababu waliwaheshimu, ama ili wakaendelee kuwasagia huko?" Nilimwambia kwamba swali lake ni zuri kuliko jibu lolote nililo nalo. Bado nalifikiria.

Garini, tukiwa tumepita Molo, akamgeukia babu yake. "Babu, wewe ungetaka uwekewe nini?"

Nilitaka kumkemea. Baba akaninyoshea mkono kunizuia. Alitazama nje kimya mpaka tukaikaribia Londiani, majani ya chai bado hayajaanza kuonekana.

"Fimbo yangu," akasema. "Si hii ya kutembelea. Ile ya kuchungia."

Ni ile nyembamba, nyeusi kwa mafuta ya viganja vyake, inayokaa nyuma ya mlango wa nyumba yake. Naiandika hapa nisije nikachanganya.